Mlango wa nakshi unatosha kuifanya nyumba ya kisasa iwe ya Pwani?

mchoraji_kgb: Wakuu, ramani ni ya vyumba vitatu, Kigamboni, paa la kujificha (limefichwa nyuma ya ukuta). Mwenye nyumba anataka ya kisasa lakini ionekane ya Pwani. Fundi anashauri mlango wa nakshi na matao ya plasta. Soko la Kariakoo husifiwa kuwa la kisasa lenye asili ya hapa. Asili yenyewe iko wapi?

kenchi: Si kwenye urembo. Beda Amuli, msanifu aliyelichora, hakubandika nakshi pale. Soko lililofunguliwa 1975 lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja na nguzo yake. Ni gulio chini ya miti: kivuli juu, hewa pembeni, na maji ya mvua yanakusanywa.

Nyumba ya Kiswahili nayo ina akili hiyohiyo. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mlango wa mbele ukitazamana na wa uani, upepo unapita moja kwa moja. Ramani za siku hizi zinaweka choo mwisho wa ukumbi, kisha watu wanalalamikia joto.

Bati28: Naongeza vipimo, maana paa la kujificha limeshakuondolea kingo za paa zinazotokeza na kutoa kivuli. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni, jua la adhuhuri liko kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo: dirisha la kimo cha mita 1.5 linataka kofia ya zege (bapa la kukinga jua juu yake) itokeze sentimita 90. Upande wa kusini, Desemba, jua liko nyuzi 73. Sentimita 45 zinatosha. Magharibi kofia haisaidii kitu, jua la saa kumi na moja linapita chini yake. Huko peleka stoo na choo, au simamisha ukuta wa matofali ya matundu mbele ya dirisha.

Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, na kila chumba kiwe na pa kuingizia na pa kutolea hewa. Pepo za kusi na kaskazi zote utazipata.

mchoraji_kgb: Matofali ya matundu, vipi mbu na mvua?

kenchi: Matundu yainame kuelekea nje. Wavu weka ndani, kwenye fremu inayochomoka uoshwe. Ukijaa vumbi ni sawa na ukuta.

Angalia zaidi hizo kofia. Mafundi wanapenda kuzimwaga za sentimita 7, nondo imelala kwenye mbao. Chumvi ya bahari inaifikia, nondo inavimba kwa kutu, zege linabanduka. Mwaga sentimita 10, nondo ifunikwe na milimita 40 za zege, na chini ya ukingo uchonge mfereji mdogo maji yadondoke, yasirudi ukutani.

Bati28: Na fensi! Ukuta mzima wa mita 2.5 karibu na nyumba unakata upepo wote huo. Matundu yaanzie huko. Mlango wa nakshi mwekee tu, ila asikate baraza ili aulipie.