Majnun Layla kwa Kiswahili jukwaani: mizani, onyesho la moto na muziki

MwongozajiGangilonga (Iringa)

Kamwene wakuu. Kikundi chetu hapa Iringa kinaandaa toleo la Kiswahili la Majnun Layla, tamthiliya ya kishairi ya Ahmad Shawqi wa Misri ya mwaka 1931, matendo matano, kuhusu mshairi Qays anayenyimwa Layla, binti anayempenda. Tunalenga dakika 90, waigizaji tisa, ukumbi wa mabati wenye viti kama 150. Rasimu nzima iko katika tarbia (beti za mistari minne) ya mizani, yaani silabi, 16 kwa mstari, na ikisomwa kwa sauti inafanana na ngonjera za sherehe ya shule. Naomba msaada kwa haya:

1. Tutumie mizani gani ili watu waongee kama watu?
2. Onyesho la Qays kuja kuomba moto kwa kina Layla, hadi unamuunguza mkono asihisi, tulifanyeje ndani ya ukumbi?
3. Wenzangu wengine wanataka tuhamishie kisa Kalenga zama za Mkwawa, ili hadhira ielewe kwa nini baba anakataa posa. Mnaonaje?
4. Kwa muziki, ligombo, ala yetu ya nyuzi, linafaa, au tutafute udi, ala ya nyuzi ya Waarabu?

MalengaWaUyole

Ndugu, tarbia haina kosa. Kinachowaponza ni kuiweka katika kila kinywa. Shawqi mwenyewe habaki na bahari moja, yaani mwendo mmoja wa mizani: anabadili bahari na kina kufuata anayesema na hali aliyo nayo, na mara nyingi mstari mmoja hupokezana watu wawili au watatu. Mkimpa kila mhusika beti za mistari minne zenye kibwagizo, anayeleta habari ya haraka atairudia habari ile ile, na aliye mbele yake atabaki kumngoja tu.

Mimi ningegawa hivi. Mazungumzo ya kawaida yawe masivina, mizani 10 hadi 12, bila kina. Masikio yetu hayatashangaa: Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare katika Juliasi Kaizari (1969) alikwenda bila vina, na inatamkika vizuri jukwaani. Ziyad, mpokezi na mwenezi wa mashairi ya Qays, apewe utenzi wa mizani 8, na kina chake cha bahari, kile kinachofunga kila ubeti, kisibadilike tangu mwanzo hadi mwisho, ili hadhira imtambue hata akiwa nyuma ya pazia. Tarbia iwe ya Qays peke yake, na iwe pale tu anapotunga, mara tano au sita katika mchezo wote. Hapo watu watasikia kwamba mtu huyu anaposhikwa na shairi lugha yake inabadilika. Anapolumbana na Munazil, hasimu wake, ngonjera ni sawa, kwa kuwa kila mmoja anataka kumshinda mwenzake mbele ya watu.

Onyesho la moto lisiwe masivina. Gaweni mstari wa mizani 16 katikati, ukwapi kwa mmoja na utao kwa mwingine:

LAILA: Kaisi, mkono, moto!
KAISI: Sijauhisi mwilini.
LAILA: Zinduka, hii si ndoto!
KAISI: Basi niache ndotoni.

Vina vinafungamana na hakuna anayesimama kukariri. Ila anayejibu asivute pumzi kabla ya kusema, maana mstari utakatika na watu watasikia vipande viwili visivyohusiana.

Amueni mapema pia majina yataandikwaje kwenye mswada. Kaisi ni mizani tatu (Ka-i-si), Laila vilevile. Mwigizaji mmoja akitamka "Qays" kwa mpigo mmoja, mstari unapungua mbili na mwenzake anajikwaa. M na n zinazosimama peke yake zihesabiwe: mkono ni m-ko-no.

Kuhusu ile sauti ya shuleni: mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwigizaji anayeipiga silabi ya kina kwa nguvu anauhamisha mkazo, na hapo ndipo uigizaji unageuka kukariri. Mwambieni akiache kina kianguke chenyewe. Hadhira itakisikia tu. Zoezi linalosaidia ni kuandika mswada upya kama nathari, bila kukata mistari, wausome hivyo kwa wiki ya kwanza, kisha ndipo muwarudishie mistari.

Hesabu ya muda: mstari wa mizani 16 huchukua sekunde 4 hadi 5, ubeti wa mistari minne karibu sekunde 20. Robo ya dakika 90 wekeni kwa mienendo na ukimya. Mnabaki na nafasi ya beti 200 hivi, au mistari 800. Mkizidi hapo, kateni kabla ya mazoezi.

MsomaTamthiliya_Mbeya

Swali la tatu: msihamishe, tafadhali. Qays ni wa Banu Amir huko Najd, karne ya 7, zama za Bani Umayya. Wakusanyaji wa kale wa habari zake, akiwemo Abu al-Faraj al-Isfahani, wamenukuu hata wanaotilia shaka kama aliishi, lakini sababu ya msiba haina utata: amemtaja binti kwa jina katika mashairi yanayoimbwa kila kambi. Kwa desturi yao, kumwoza binti kwa aliyemwimba hivyo ni kuthibitisha maneno ya watu. Shairi lenyewe ndilo linalomnyima mke. Ukiupeleka mchezo Kalenga, itabidi utafute sababu nyingine ya kukataa, na ukishaipata huna tena Majnun Layla.

Hatari yenu ni kwamba hadhira ya Iringa inajua posa, mshenga na mahari. Usipoisema sababu mapema itadhani kikwazo ni mali, na itakaa ikisubiri ng'ombe walipwe. Kwa hiyo kwenye mazungumzo ya usiku yanayofungua tendo la kwanza, wekeni mistari miwili mitatu ya mtu anayeimba shairi la Qays, mwingine akamkemea kwa kumtaja binti wa watu. Iwe kabla ya onyesho la moto. Hapo baba mtu, al-Mahdi, akiuliza kama Qays amekuja kuomba moto au kuiwasha nyumba, swali litakuwa na uzito wake.

Tendo la tatu ndilo wengi hulikosea. Ibn Awf, mtu wa serikali, anakuja kumwombea Qays. Al-Mahdi anamwachia binti aamue, naye Layla kwa kinywa chake anamchagua Ward wa kabila la Thaqif. Mwigizaji asilie hapo. Akilia, watu wataona baba amemlazimisha, na kazi yote ya Shawqi inapotea. Aseme kwa sauti kavu, avunjike akishabaki na nafsi yake. Na Ward msimfanye mbaya: ni mume anayeyaheshimu mashairi ya Qays, na katika tendo la nne ndiye anayewaachia nafasi wazungumze. Wema wake ndio unaowaumiza wote watatu.

FundiJukwaa_Njombe

Moto wa kweli msilete. Mapazia na nguo za poliesta zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Chukueni chungu kipana, tochi ndogo ya betri chini, juu yake plastiki nyembamba nyekundu, kisha vipande vya mkaa usiowashwa vikiwa na nafasi kati yake ili mwanga upenye. Mkono wa kanzu ushonewe bitana ya rangi ya chungwa ndani. Qays anaukunja nje kwa mkono wa pili huku amemkazia macho Layla, taa zikipunguzwa kidogo. Kisha anaanguka azimie.

Kondoo wa tendo la pili, yule aliyeokwa kama dawa ya wazimu wa Qays huku ametolewa moyo: msitumie nyama, harufu itawatoa watu kwenye mchezo. Godoro la sponji likichongwa na kupakwa rangi linatosha, ila ubavu uwe wazi upande wa hadhira, waone Qays anatafuta moyo na haupo.

Mabati: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua itameza mashairi yote, hata kwa maikrofoni. Chagueni Mei hadi Oktoba. Juni na Julai baridi ni kali usiku, anzeni saa kumi alasiri.

Ligombo lina sauti ndogo. Mpigaji akae mbele kabisa ya jukwaa, maikrofoni karibu na kibuyu, na asipige chini ya maneno.

MwongozajiGangilonga (Iringa)

Ahsanteni sana. Kijiji cha majini (mapepo) kinachofungua tendo la nne, tukikate? Kinakula karibu dakika kumi.

MalengaWaUyole

Kipunguzeni, msikitoe. Al-Umawi ni jini la ushairi la Qays, na ndiye anayemwelekeza hadi kwa kina Layla. Ukimwondoa, Qays anafika Thaqif bila njia. Beti 12 zinatosha, na majini wapeni mizani 6 kwa 6 ili mwendo wao usifanane na wa binadamu. Ligombo liwekeni hapo na kwa mwimbaji al-Gharid katika tendo la tano, basi. Aliyeigiza Ibn Awf anaweza kurudi kama al-Gharid, kwa hiyo tisa wenu wanatosha. Makaburini, Qays akishaambiwa Layla amekufa, msimwandikie tarbia tena. Masivina mafupi, mizani 5 au 6 kwa mstari, na Ziyad asimalizie utenzi wake.