Darasa la tatu, homuweki mpaka saa nne usiku. Nifanyeje?

Mama wa Uyole
Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa. Nauza viazi hapa Mbeya. Binti yangu yuko darasa la tatu, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa kuwa sisi ndio wa kwanza kwenye ruti, na linamrudisha saa kumi na moja jioni. Akishaoga na kula, giza limeingia. Ndipo madaftari yanatolewa: Hisabati maswali thelathini, ufahamu wa Kiingereza, na Sayansi juu yake.

Baridi ya Juni mnaijua. Jana kakaa mezani kajifunika blanketi, anazidisha 347 kwa 6. Sita mara saba arobaini na mbili, anaandika 2, ile 4 ya kubeba anaisahau. Anafuta, anarudia, anaisahau tena. Kafuta mpaka karatasi ikatoboka, ndipo akaanza kulia kwamba mwalimu atasema daftari ni chafu. Hesabu za aina hiyohiyo Jumamosi asubuhi anazifanya huku anaimba.

Wiki iliyopita walitakiwa kuchora ua kwenye manila na sehemu zake zote, kesho yake ipelekwe. Akasinzia, kijana wa jirani akachora. Ua likapata alama zote! Aliyejifunza hapo ni nani?

Baba yake anaogopa tukilalamika mtoto ataonekana mvivu. Naomba hasa walimu mniambie: homuweki nyingi namna hii inamsaidia mtoto wa miaka tisa? Na mwalimu wake nimwendee vipi?

Baba wa Ipogolo
Kamwene wote. Dada, pole, ila usiiondoe kabisa. Sisi tumesoma kwa koroboi na tukazoea kukaa na daftari bila kusukumwa. Mwakani binti ana upimaji wa darasa la nne. Wanangu wasipopewa kazi ni katuni mpaka usingizi uwachukue. Punguza, usifute.

Mwalimu, Rungwe
Dada, nafundisha msingi shule ya serikali huku kwenye chai. Darasa langu lina watoto tisini. Nikitoa maswali thelathini, hayo ni majibu 2,700 ya kusahihisha. Siwezi, na kazi isiyosahihishwa humfundisha mtoto kurudia kosa lake. Kwa hiyo natoa maswali matano, tunaanza mawili pamoja kabla ya kengele, nione nani kakwama. Wengine wakifika kwao wanatafuta kuni na kubeba wadogo zao, na umeme hakuna. Lazima yaishe kabla jua halijazama.

Kuhusu swali lako: Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walipitia tafiti nyingi za homuweki mwaka 2006. Uhusiano kati ya homuweki na ufaulu ulionekana wazi zaidi kwa wanafunzi wa sekondari. Kwa wadogo ulikuwa hafifu. Huko kwao walimu wengi hutumia kipimo cha dakika kumi kwa kila darasa, yaani darasa la tatu nusu saa. Na katika takwimu za 2012 za PISA, ule mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, vijana wa miaka 15 wa Finland walitumia chini ya saa tatu za homuweki kwa wiki, wa Shanghai, China, karibu kumi na nne, na wote walifanya vizuri. Wingi peke yake hausemi kitu.

Baba wa Ipogolo, mazoea unayoyasema ni ya kweli, nayaheshimu. Lakini yanajengwa na kazi ambayo mtoto anaimaliza mwenyewe. Kazi inayohitaji mama, jirani na manila ya usiku ni ya watu wazima.

Nesi wa Njombe
Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akilala saa nne na kuamshwa saa kumi na nusu, ni saa sita na nusu tu. Ile 4 anaisahau kwa uchovu, mama. Usimchape kwa hilo.

Mama wa Uyole
Ndaga fijo, mwalimu. Na nesi, asante, sijamchapa na sitamchapa. Nimeongea na baba yake, tumekubaliana saa mbili na nusu madaftari yafungwe, asome hadithi kidogo, alale. Kwenye daftari la mawasiliano nataka kuandika: «Mwalimu, tumeishia swali la kumi na mbili saa mbili na nusu usiku. Kuzidisha anaelewa, kubeba bado kunamsumbua. Naomba tuonane Ijumaa.» Itakaa vizuri?

Mwalimu, Rungwe
Imekaa vizuri sana. Weka sahihi. Yale kumi na nane yaliyobaki yaache wazi, usimjazie, mwenzangu ayaone.