Injini imefufuliwa, presha ya oili imezidi mno, na gereji inaniambia nishukuru

Ndugu wanajukwaa, hasa mlioko Tanga mjini na wilaya za jirani, naleta malalamiko haya nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kuyaeleza kwa utaratibu ili fundi yeyote mwenye ujuzi aweze kupima kama nina haki au sina. Gereji ninayoilalamikia iko hapa hapa mjini. Jina lake silitaji kwa sasa, kwa kuwa bado tunadaiana.

Gari ni Toyota Land Cruiser, lile ambalo wengi huliita mkonga, lenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Kazi yake ni kubeba machungwa ya Muheza na, msimu ukiisha, mizigo ya Pangani na Lushoto. Injini ilipochoka tulikubaliana ifunguliwe yote: kranki ichongwe, metali (yaani beringi) za kranki na za konrodi ziwe mpya, pistoni na ringi mpya, na pampu ya oili pamoja na valvu yake ya kupunguza presha viwe vipya. Yote hayo yameandikwa katika risiti niliyonayo, na yote nimeyalipia.

Tangu nikabidhiwe gari, mshale wa presha ya oili ulikuwa ukipanda hadi mwisho mara tu injini inapowaka. Kwa asubuhi hilo halikunishtua, kwa sababu oili baridi ni nzito na presha yake lazima iwe juu. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba baada ya safari ya Tanga hadi Muheza, kwa joto letu hili na kwa mzigo, mshale ulikuwa bado umeganda pale pale. Nililirudisha gari, na fundi mkuu akacheka mbele ya vijana wake. “Bosi, wenzako wanalia presha imekwisha, wewe unalia imezidi? Mshukuru Mungu, hiyo ndiyo injini mpya.”

Maneno hayo ndiyo yaliyoniudhi kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa yanatoka kwa mtu anayelipwa ili ajue. Presha si kipimo cha wingi wa oili inayofika kwenye metali. Pampu husukuma oili, na presha huzaliwa pale njia inapokataa kuipitisha. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, presha nyuma ya kidole hupanda ilhali maji yanayotoka yamepungua. Mshale ulio juu unaweza kuwa unatangaza kwamba tundu la metali halikulingana na tundu la bloku, au kwamba gasketi isiyo ya injini ile imefunika njia inayopeleka oili kwenye silinda hedi, na wakati dereva anafurahia mshale, kemshafti, ile shafti inayofungua valvu za silinda, inasagika pasipo oili. Unaweza pia kuwa unatangaza kwamba metali zimebana kupita kiasi kwa sababu kranki haikuchongwa hadi kipimo chake. Ni kweli kwamba injini iliyotoka kufunguliwa huwa na presha zaidi ya ile iliyochakaa, lakini ukweli huo una mpaka, na mpaka wenyewe umeandikwa: mwongozo wa Toyota wa injini hii unataka presha, injini ikiwa ya moto, isipungue 0.3 kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya 2.5 na 6, kwa kilo kwa sentimita ya mraba.

Nilipong'ang'ania, wakasema geji ya dashibodi ni mwongo. Inawezekana kabisa, maana sensa iliyokufa au waya uliogusa bodi unaweza kuupeleka mshale mwisho bila sababu. Lakini shaka hiyo huondolewa kwa kazi ndogo sana: unafungua sensa, unafunga mahali pake geji ya mkono yenye mpira wake, unawasha injini na kusoma. Gereji inayofufua injini za watu haina geji hiyo! Badala ya kupima walibadilisha sensa, nikailipia, na mshale haukusogea.

Kisha lawama ikahamia kwenye oili. Walikuwa wamemimina wenyewe 15W-40, nami sikuona kosa lake kwa injini hii na hali yetu ya hewa. Sasa wakataka tuweke 10W-30, nyepesi zaidi, ili mshale ushuke. Nilikataa. Oili nyepesi ingeushusha mshale kidogo na kuacha chanzo kikiwa salama mahali pake, huku mimi nikipanda milima ya Lushoto na mzigo juu ya oili ambayo injini haikuiomba.

Jibu lilikuja lenyewe asubuhi moja, oili ikiwa bado baridi, kabla sijafika Kange, hapa hapa Tanga. Filta ya oili ilisukuma mpira wake nje, na oili yote ikaanza kumwagika barabarani. Nilizima injini mara taa ilipowaka, la sivyo leo ningekuwa naandika habari nyingine. Filta nilipoifungua ilikuwa imevimba kama iliyopulizwa, na bati haliwezi kuvimbishwa na geji mwongo. Niliwapelekea filta hiyo mkononi. Walichopendekeza, ndugu zangu, ni kukata koili mbili za springi ya valvu ili presha ipungue, tena kwa kukisia, bila kupima kabla wala baada ya kukata.

Nililiondoa gari nikalipeleka kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi katika reli. Baada ya shikamoo na kunisikiliza hadi mwisho, hakugusa spana. Alifunga kwanza geji yake ya mkono, akaiacha injini ipate moto, akasoma 2 kwenye sailensa na zaidi ya 8 kwa mizunguko 3,000. Alinifafanulia kwa nini namba ya pili ndiyo yenye habari. Metali zilizobana, oili nzito au njia iliyozibwa huipandisha presha mapema, lakini injini ikishakuwa ya moto, valvu isiyo na kasoro hufunguka kwenye kiwango chake na kuirudisha oili iliyozidi, hivyo mshale husimama hapo hata ukikanyaga mafuta. Presha inayoendelea kupanda kadiri unavyokanyaga, hadi kuuvuka mpaka wa valvu, inakuambia uitazame valvu yenyewe kabla ya kuishusha injini: ama imekwama, ama springi yake ni ngumu mno, ama njia yake ya kurudishia oili imezibwa.

Akafungua plagi ya valvu. Nyuma ya springi kulikuwa na washa mbili (bati za duara zenye tundu) zimepangwa moja juu ya nyingine, nazo zilikuwa nyeusi kwa masizi ya zamani. Valvu yenyewe ilikuwa na mikwaruzo mirefu. Hiyo ndiyo valvu mpya niliyoandikiwa kwenye risiti.

Sasa nieleze kwa nini siamini kwamba ni bahati mbaya. Muda mrefu kabla ya injini kufunguliwa, taa ya oili ilikuwa ikiwaka kwenye sailensa, na gereji hiyo hiyo iliirekebisha jioni hiyo hiyo kwa bei ya kuridhisha. Leo nashuku taa ilizimwa na nini. Waliibana springi kwa washa ili injini iliyochakaa ionekane ina presha, wakasahau, na walipofufua injini wakairudisha valvu ile ile pamoja na washa zake, wakanitoza bei ya mpya. Injini iliyochakaa iliweza kuvumilia hila hiyo kwa kuwa oili ilikuwa ikivuja kila upande wa metali, iliyobana haikuweza.

Mzee aliweka valvu na springi mpya, bila washa. Geji ya mkono sasa inasoma 2 kwenye sailensa na 4.5 kwa mizunguko 3,000, injini ikiwa ya moto. Alifungua pia kifuniko cha juu akaniridhisha kwamba oili inafika kwenye kemshafti.

Ninachodai kwa gereji ni bei ya valvu ambayo haikuwekwa, na ya pampu ninayoshuku kwamba nayo haikuwekwa, bei ya sensa, filta na oili iliyomwagika, na malipo ya mzee. Nadai pia vipimo vya maandishi vya kranki na nafasi ya metali, kwa kuwa baada ya kuona valvu, neno “mpya” katika risiti ile siliamini tena hata kwa ringi. Jibu lao hadi sasa ni kwamba gari lilishaguswa na fundi mwingine, kwa hiyo dhamana imekufa. Washa na valvu ya zamani ninazo, na picha zake zilipigwa kabla hazijatolewa.

Wenye uzoefu wa kudai haki ya namna hii, naomba mnielekeze pa kuanzia. Na yeyote aliyewahi kuzimiwa taa ya oili kwa haraka hapa mjini, kisha akafunguliwa injini na mafundi wale wale, afungue plagi ya valvu ahesabu washa kabla filta haijamvimbia.