Trisikli mpya ya bene nyekundu inanisumbua kichwa, munishauri

Motari_wa_Katoyi

Jambo bandugu na badada. Mimi ni motari hapa Goma, napiga taksi na moto (pikipiki) Boxer yangu mwenyewe, haina deni na haijanisumbua. Sasa kuko magazini moja kule Birere waliweka inje trisikli, zile moto za matairi tatu za kubeba mizigo, mpya kabisa, siti bado na plastiki, bene (sanduku ya mizigo) nyekundu ya chuma, moteri ya cc 200, na kila nikishusha mteja upande ule najikuta niko nasimama pale naishika gido (usukani) kama ni yangu. Mlinzi amenizoea, akiniona tu anasema "petit, leo tena?"

Mpango wangu ni kubeba maji kutoka Kituku ku ziwa kupandisha Majengo na Ndosho, na siku maji haiko basi makala ya kupikia, bia, simenti, chochote. Nikiuza Boxer na nikiongeza likelemba yangu (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) yenye inakaribia, itabaki kama teluti moja ya bei, mwenye magazini anasema nitamalizia kidogo kidogo kila juma. Bibi yangu hataki kusikia, anasema ile pesa ni ya parseli, kiwanja cha kujenga. Bakubwa munisaidie, hii ni kazi ao ni tamaa tu ya macho?

Chukudu_Ya_Zamani

Nunua!! Watu wanakunywa kila siku. Sisi tulisukuma chukudu, ile ya mbao ya matairi mbili, na viazi toka Kibumba mpaka mgongo ikakauka, wametujengea sanamu pa rond-point lakini sanamu hailipe kodi ya nyumba. Kama kuko moteri ya kukusukumia, chukua.

Fundi_Mabanga

Petit, mbele ya kununua kwanza hesabu. Bidoni moja ya maji ni litre 20, ni kusema kilo 20, bado hatujahesabu bidoni yenyewe. Ukipakia 50 hiyo ni tani moja. Kisha uende usome kile kibao cha chuma chenye wanapigilia ku shasi, pale wameandika kilo ngapi inaruhusiwa kubeba, usisikilize muuzaji, yeye atakwambia inabeba hata nyumba. Hapa garaji zinakuja na resori (springi) imelala kabisa na shasi imepasuka chini ya bene, na mwenyewe analia eti ni vitu vya Kichina, kumbe alipakia mara mbili.

Kitu ya pili ni moteri. Kuko zenye kupozwa na upepo na zenye kupozwa na maji, ziko na radiyateri na ventilateri. Kutoka ku ziwa kwenda Majengo unapanda polepole na mzigo, vitesi ya kwanza ya pili, sasa upepo utatoka wapi? Ile ya upepo itachemka, oili inakuwa nyepesi, segima (ringi za pistoni) zinaanza kula silinda, na utaona moshi ya bluu mbele deni haijaisha. Kama ni maji ya Kituku njo unataka, chukua ya radiyateri. Uulize tena kama iko na redikteri, ile levye ya kuongeza nguvu ku mupando, bila ile utachoma ambreyaji (klachi).

Na usifikirie juu unajua moto basi unajua trisikli. Moto unailalisha ku kona, hii hailale. Unazungusha gido kabisa na mwili wako njo unaegemea ndani, ukiingia mbio tairi ya nyuma ya ndani inanyanyuka. Freni ya kazi iko ku mguu, zingine hazina kabisa ya mkono, na mkono wa motari unatafutaka levye yenye haiko. Shimo nayo: gari linapitisha shimo katikati ya matairi, moto unakwepa, sasa wewe uko na mistari tatu, ukiokoa za nyuma ile ya mbele inaingia. Na mawe yetu haya ya volkano munayajua, yale ya 2002 bado yanakata mapine mpaka leo mu kartiye. Weka mzigo mbele ya ekseli ya nyuma, ukirundika nyuma kabisa ku mupando gido inakuwa nyepesi na trisikli haikusikie.

Lakini siseme usinunue. Nasema ile ya bene nyekundu uliyopenda, hata hujatuambia kama iko na radiyateri.

Motari_wa_Katoyi

Grand, aksanti sana. Ukweli sikuangalia radiyateri, niliangalia taa 😅 Na kama ningetafuta okazyo, yenye imekwisha tumika?

Mama_Bidoni

Mimi niko nauzisha maji Ndosho, hawa watu wa trisikli njo wananiletea, basi nikwambie ya upande wetu. Wakati wa kiangazi unauza mpaka unachoka, watu wanakungojea na bidoni wamepanga ku barabara. Mvua ikianza kunyesha vizuri kila mtu anaweka gutiyere (mfereji) ku manjanja (mabati) ya nyumba anajaza pipa yake, na mimi nanunua nusu. Sasa mwenye magazini yeye mvua haimuhusu, kila juma anataka pesa yake. Uliza kama atakubali ulipe nyingi wakati wa jua na kidogo wakati wa mvua, akikataa ujue yeye amekwisha fanya hesabu, wewe bado.

Na bibi yako usimufanye adui mtoto wangu. Parseli haikuli essence.

Fundi_Mabanga

Okazyo lala chini kabisa na torshi. Angalia soudure mpya (pale wamechomelea) ku shasi, angalia diferansiele kama inatoka oili, nyanyua nyuma uzungushe tairi kwa mkono usikie kama inalia. Karte roze, karatasi ya chombo, iwe na namba ile ile ya shasi. Wakipaka rangi mpya chini, toka.

Versema_Tu

Mbona hakuna mwenye anasema ya versema? Kuko wenye kuwa na trisikli na hawana shofere. Unafanya kazi, jioni unamupa pesa yake, yenye inabaki ni yako. Boxer upatie mdogo wako naye akuletee versema, usiuze. Fanya vile mpaka mvua ipite na jua lipite, utajua mwenyewe maji inakuingizia ngapi, na mgongo ya trisikli iharibike ya mwingine kwanza.

Motari_wa_Katoyi

Hii naweza kuipeleka ku nyumba bila vita. Sasa hao wenye kutafuta shofere nawapata wapi?

Mama_Bidoni

Kuja Kituku asubuhi mapema, mbele wamalize kujaza. Uliza wale wenye wanapanga mstari, kila siku kuko moja yenye shofere wake hakuja. Na uvae bote.