Mrejesho: kipimo cha kingamwili kwa maji ya kisima

Wakuu, niliuliza kama kipimo cha kingamwili (protini zinazonasa kemikali maalumu) kinatosha kujua iwapo dawa ya magugu, atrazini, imeingia kwenye maji ya kisima. Asanteni kwa majibu, nimeshapima.

Kinachochanganya wengi ni rangi. Molekuli ya atrazini ni ndogo mno kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, kwa hiyo kipimo huendeshwa kwa ushindani: atrazini ya kwenye maji inagombea nafasi kwenye kingamwili za kisahani chenye vishimo, ikishindana na atrazini iliyounganishwa na kimeng'enya, protini inayozalisha rangi. Ukishasuuza kisahani na kuweka kemikali ya rangi, kishimo cha maji safi kinakolea buluu, chenye dawa kinapauka. Asidi kidogo inageuza buluu kuwa njano, ndipo unasoma kwa mashine. Sampuli yangu ilipauka waziwazi.

Sikuishia hapo. Kingamwili hizi hushika pia jamaa za atrazini, hasa propazini, kwa hiyo jibu la "ipo" halisemi ni ipi. Aliyenishauri nipeleke sampuli ileile kwenye kromatografia na spektrometa ya masi (mashine za maabara zinazotenganisha kemikali na kuitambua kila moja kwa uzito wa molekuli zake) amenisaidia sana: ni atrazini kweli, chini ya kikomo cha Marekani cha maikrogramu 3 kwa lita, lakini juu ya kile cha Umoja wa Ulaya, 0.1. Nafuata kile kikali, maana maji haya wanakunywa watoto.

Kuchemsha hakusaidii. Tumefunga chujio la mkaa amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa kunasa kemikali, na nitapima tena mvua zikianza, kwani ndipo dawa husombwa kutoka mashambani.