Mrejesho: kangaga yangu isiyo na jina imetambulika

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza jina la kangaga niliyoinunua bila kibandiko katika kitalu kimoja cha miche hapa Goma. Wengi mlisema ni Nephrolepis, jenasi moja ya kangaga, ila hatukukubaliana kama ni spishi ya exaltata au ya cordifolia.

Nilifuata ushauri wenu nikageuza jani. Karibu na ukingo kuna vishada vya spora (chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana nazo) vilivyofunikwa na utando wenye umbo la figo, na ndiyo maana jina Nephrolepis, lenye asili ya Kigiriki, lina maana ya gamba la figo. Hata hivyo, jibu kamili lilikuwa mizizini. Nilipoitoa chunguni na kuikung'uta udongo mweusi wa volkeno, niliona kwenye nyuzi zake viazi vidogo vya mviringo, vyenye magamba ya kahawia, vikubwa kidogo kuliko punje ya haragwe. Nilipokata kimoja, kilikuwa kimejaa maji. Exaltata haina viazi hivyo, kwa hiyo hii ni cordifolia. Nimefurahi mno, na ninawashukuru kwa dhati.

Nimeihamishia kwenye chungu kikubwa zaidi, mbali na jua kali la mchana, na viazi vilivyobaki sikuvigusa, kwa kuwa ndivyo vinavyoihifadhia maji wakati wa kiangazi.