Arisaid ya Uskoti ilivaliwaje?

Fundi wa Kibokoni
Asalaam aleikum nyote. Nashona mabuibui hapa Kibokoni, mwaka wa 22 huu. Mpwa wangu anayesoma Glasgow amenitumia neno: arisaid. Asema ni nguo kubwa waliyojitanda wanawake wa visiwa vya Uskoti zamani. Nimemkumbuka nyanya na lile buibui lake pana la kufunga kwa kamba kichwani. Akienda sokoni, mkono mmoja kikapu, mkono wa pili kazi yake ni kulikusanya buibui tu. Je, arisaid ilikuwa na mshono, au ni kitambaa kitupu? Na ilishikwa na nini isidondoke? Nataka kuijaribu mwenyewe.

Mwalimu Tudor
Waaleikum salaam, dada. Haikukatwa kama kanzu, ilikuwa ya kujifunga. Aliyeieleza vizuri ni Martin Martin, mzaliwa wa kisiwa cha Skye huko Uskoti, katika kitabu chake cha 1703: nguo nyeupe yenye mistari michache myeusi, ya buluu na myekundu, toka shingoni hadi visiginoni. Ilikunjwa marinda pande zote, ikafungwa mkanda wa ngozi chini ya matiti, na kifuani ikabanwa kwa bizimu la fedha au shaba, kwa kadiri ya hali ya mtu. Aliyaona ya fedha yenye upana wa sahani, yamenakshiwa wanyama.

Binti Likoni
Shangazi, usije ukaichanganya na rokelay. Hilo ni joho fupi la wanawake wa Uskoti, karne ya 18, na jina limetoka kwa Duke wa Roquelaure wa Ufaransa.

Fundi wa Kibokoni
Ahsanteni sana. Jana nilipofunga duka nilianza na leso isiyokatwa. Kuzunguka yazunguka, lakini toka shingoni iliishia magotini. Nikaunga vipande viwili vya marikani ubavu kwa ubavu, nikapanga marinda, nikakaza mkanda wa mume wangu chini ya kifua. Wallahi, kazi yote iko kwenye ule mkanda! Uzito watua pale, shingo haiumii. Bizimu sina, nikatia pini ya mtandio, ikapinda papo hapo. Sahani ile haikuwa pambo tu. Lakini nilitembea hadi jikoni na sufuria mikono miwili, nguo haikusogea. Ijumaa nashuka Biashara Street kutafuta kitambaa kizito zaidi.